Utenzi Uliokaushwa Jikoni Kwangu

Mume wangu alikuwa Mzaramo, mimi Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo ndoa yetu ilianza kwa matusi na ikaendelea hivyo hivyo kwa furaha. Jirani asiyeujua utani wa makabila yetu angetusikia asubuhi moja tu, angekwenda kuwaita wazee waje kutusuluhisha. Yeye aliniambia kichwa changu ni bapa kwa sababu babu zangu wote walibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka pwani, wakanirithisha. Mimi nilimwambia kwao wanaijua ngoma tu, jembe wanalisikia redioni. Siku ya harusi shangazi zangu walimnyang'anya viatu, akaingia kwa bibi harusi miguu mitupu, na hakuna aliyemwonea huruma. Ndivyo watani walivyo. Mtani akikutukana mbele za watu, wewe na watu wote mnacheka.

Alikuja Tabora akiwa mtoto, baba yake fundi wa reli, na alipokua akapata kazi hapo hapo stesheni, karani wa vifurushi. Tulipanga vyumba viwili mtaani Cheyo katika nyumba ya mzee mmoja wa Kiarabu mwenye duka sokoni. Mababu wa mzee yule walitoka Omani, wakafuata njia ya misafara, wakafika Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, na hawakuondoka tena. Mimi nilifundisha shule ya msingi. Uhuru ulikuwa bado mpya kiasi kwamba tuliutaja kila siku, na Ujamaa ulikuwa umeanza kutoka kwenye nyimbo za watoto wangu darasani kuingia kwenye maisha ya watu.

Ugonjwa wa mume wangu ulikuwa mmoja: mashairi. Alitunga akila, alitunga akioga. Aliyapeleka gazetini huko Dar es Salaam, na kila Jumapili alinunua gazeti, akalifungua moja kwa moja kwenye ukurasa wa mashairi, akausoma kutoka juu hadi chini, akalikunja na kunipa nifungie karanga. Hakuwahi kulaani. Ningefurahi kama angelaani. Alikuwa anakaa kizingitini akiangalia njia, na mimi nikijua kwamba siku hiyo hata nikipika kuku atamla kama anayekula pamba.

Sasa niseme ukweli, kwa kuwa nilimpenda: mashairi yale hayakuwa mazuri. Aliandika juu ya jembe. Aliandika juu ya mwenge. Aliandika juu ya umoja mpaka nikaanza kuuogopa umoja. Vina vilikaa sawa, mizani ilitimia, na shairi lenyewe halikuwamo. Siku moja nikamwambia, "Mzaramo, hili jembe lako halijagusa udongo hata mara moja." Alikasirika, akasusa chakula, kisha akala kwa sababu njaa haijui ushairi.

Ndipo alipokuja mkoani afisa utamaduni, kijana wa suruali pana na moyo safi, akaita watu kwenye ukumbi wa jamii. Akasema wakoloni walitudanganya kwamba hatuna maandishi, hatuna historia, na sasa taifa linataka urithi wake. Tenzi, nyimbo, hadithi za mababu, lolote lililokaa ndani ya makasha, tulete. Mume wangu alikuwa amevaa shati lake la Idi. Akainua mkono, akasimama, akasoma shairi lake moja refu juu ya kujitegemea. Kijana yule alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akauliza, "Ndugu, hili ni la nani?"

"Ni langu."

"Ahsante sana, ndugu. Ila sisi tunatafuta ya wazee. La kwako lihifadhi, litazeeka."

Ukumbi mzima ukacheka. Kijana hakuwa na nia mbaya, masikini, na mimi mwenyewe tabasamu lilinitoroka. Lakini nilimwona mume wangu akikaa chini taratibu. Njiani kurudi nyumbani hakunitukana hata kidogo, nami nikajua jambo limemwingia.

Wiki ile alimwomba mzee mwenye nyumba karatasi. Mzee alikuwa nazo dukani, nene, za manjano, zilizobaki tangu enzi za babu yake, akawa anafungia watu ubani. Akampa furushi zima bila kuuliza. Kisha mume wangu akaanza kukwangua masizi kwenye chimni ya taa yangu. Akayachanganya na utomvu wa mgunga aliouponda na kuuloweka, akakoroga kwa kijiti, akapata wino mweusi wenye kung'aa. Alichonga kalamu ya tete. Madrasa alikuwa amesoma utotoni, kwa hiyo kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika watu wa zamani lilikuwa jambo alilolijua mkono wake, hata kama ulikuwa umeota kutu.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nazeeka," akasema.

Basi karatasi zikawa zinaning'inizwa juu ya meko yangu, kwenye kamba niliyokuwa nikianikia nyama. Zilipigwa na moshi wa maharage, wa mlenda, wa samaki wa Malagarasi. Nyingine alizipitisha kwenye chai ya rangi. Nilikuwa nikipika chini ya urithi wa taifa, nikiinama nisije nikauchoma. Nilimcheka sana. Nilidhani ni hasira tu, zitapita kama zilivyopita nyingine, na wakati huo huo nilikuwa naona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake: alikuwa hahesabu tena mizani kwa vidole. Alikuwa anaketi pale akiandika kama mtu anayesikiliza.

Mchana mmoja, jua kali, nilikuwa nachambua mlenda. Akaja na karatasi, akasimama mlangoni, akasema, "Sikiliza, mbeba mizigo." Ulikuwa utenzi wa mpagazi. Mtu wa Usoke, hana jina, anatoka kwao na pembe begani, anaelekea pwani. Beti zilikwenda kwa mwendo wa miguu: kambi, maji, ngoma ya kuondoka alfajiri, kelele za vijana, kisha ukimya. Wakaingia Mgunda Mkali, lile pori kavu lililokuwa likimeza misafara kabla ya Ugogo. Pale mguu wake ukavimba. Na pale akasema:

Mzigo nimeutua,
jua nalo limetua,
wenzangu wanainua,
mguu hauinuki.

Mwambieni wa nyumbani
asikeshe mlangoni,
moto auzime ndani,
mimi huku nimebaki.

Niliacha kuchambua. Mikono ilibaki imejaa majani. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpagazi, mmoja wa waliorudi, na begani alikuwa na bonge la nyama ngumu ambalo sisi wajukuu tulikuwa tukiligusa na kucheka. Hakutusimulia kitu. Tulipomuuliza pwani kukoje alisema kuna chumvi nyingi, basi. Sasa Mzaramo wangu, karani wa vifurushi, mtu asiyeweza kutunga ubeti mmoja wa maana juu ya jembe, alikuwa amesimama mlangoni kwangu na sauti ya babu yangu mdomoni. Nilimtazama nikamwogopa. Nasema kweli, nilimwogopa kama unavyomwogopa mtu uliyelala naye miaka yote, kisha siku moja ukamkuta anazungumza lugha usiyojua kama anaijua.

"Umeyatoa wapi haya?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nilipoacha kuwa mimi, yalikuja."

Nilitaka utenzi autie jina lake. Nilimwambia. Alikataa. Alisema ukitiwa jina lake utafungiwa karanga.

Aliupeleka kwa afisa utamaduni ndani ya mkebe wa bati wenye kutu. Akasema ameukuta stesheni, kwenye pembe ya ghala la mizigo iliyokosa wenyewe, na kwamba mwishoni pameandikwa kuwa maneno ni ya mpagazi wa Usoke na mkono ni wa mwenzake wa msafara. Usoke aliichagua kwa sababu jina la stesheni hiyo alikuwa akilibandika kwenye vifurushi kila siku. Kijana alizishika karatasi zile kwa ncha za vidole. Akazinusa. Harufu ya moshi wa jikoni kwangu ilimtoa machozi. "Ndugu," akasema, "unajua umeleta nini?"

Haukupita muda mrefu utenzi ukasomwa redioni. Siku hiyo nilikuwa sokoni. Kila duka lenye redio lilikuwa limeifungua, na msomaji alikuwa na sauti nzito isiyo na haraka, kwa hiyo ukitembea ulikuwa unatoka kwenye ubeti mmoja na kuingia ubeti unaofuata bila kukosa neno. Watu walisimama. Mwuza nyama alisimama na kisu hewani. Mwanamke mmoja wa vijijini aliyekuja kuuza asali alikaa chini katikati ya njia, akafunika uso kwa upande wa kanga, na hakuna aliyemwambia asogee. Nilisimama pale na kikapu changu nikiwa najua kila doa kwenye karatasi zile limetokana na sufuria gani, na bado mwili ulinisisimka. Hata leo sijui nilieleze vipi jambo lile. Kujua jinsi lilivyofanyika hakukunipunguzia hata chembe.

Mzee mwenye nyumba alitupitia jioni, akatushika mikono wote wawili. Alimtazama mume wangu kwa muda, akanitazama mimi, akatazama kamba iliyokuwa juu ya meko. "Mashallah," akasema, "karatasi za babu yangu zina mambo." Hakusema zaidi mpaka anaingia kaburini.

Na mume wangu? Ungedhani alifurahi. Alifurahi kwa siku chache, kisha akaanza kumwonea wivu maiti. Afisa utamaduni alikuwa akija kunywa chai kwetu na kumwambia, "Ndugu, watunzi wa siku hizi hawawezi haya. Wazee wamekufa na siri yao." Mume wangu alikuwa anaitikia, "Hawawezi, hawawezi," akisaga meno. Mimi nilikuwa nakimbilia uani kucheka.

Kicheko changu kilikwisha siku alipokuja mtu kutoka Usoke.

Alikuwa mwenyekiti wa kijiji, mtu mzima, mpole, amevaa koti rasmi lililombana. Alipanda treni kuja kumtafuta mtu aliyeokota utenzi. Nilimpa maji na matobolwa, vile viazi vyetu vilivyochemshwa vikakaushwa, akala, kisha akaeleza shida yake. Kijiji chao kilikuwa kinahamia kwenye kijiji cha Ujamaa karibu na barabara, ambako pangekuwa na kisima na shule. Watu wote walikuwa wamehama. Amebaki mmoja, shangazi yake, bibi mzee, ambaye amekataa kuondoka katika nyumba ya mama yake kule porini. Mwenyekiti alikuwa amemwombea muda kwa wakubwa, akamwombea tena, na sasa alikuwa ameambiwa lori litakuja kwa mara ya mwisho, naye akitaka asitake atapakiwa na nyumba itabomolewa.

"Kwa nini hataki?" nikauliza.

"Anamngoja baba yake," mwenyekiti akasema.

Baba wa bibi yule aliondoka na msafara yeye akiwa bado tumboni, kabla ya reli. Hakurudi, na hakuna mwenzake aliyerudi na habari. Kwa kawaida ya nyumba za wapagazi kule kwao, mume akiondoka mke alikuwa anaacha moto jikoni usizimike mpaka arudi, na hakuna kulia, hakuna kunyoa, hakuna tanga, mpaka apatikane shahidi wa kusema mtu yule ameanguka mahali fulani. Shahidi hakupatikana. Mama akautunza moto ule maisha yake yote, na alipokaribia kufa akamkabidhi binti. Sasa binti mwenyewe alikuwa mzee wa kutembea kwa fimbo. Akihama, baba akija atakuta majivu.

"Kisha tukasikia redioni," mwenyekiti akasema. "Tulikuwa wengi, ofisini kwa kijiji, na shangazi alikuwa amekuja kugombana na mimi. Ilipofika pale, *moto auzime ndani*, alinishika mkono hivi. Akasema, huyo ni baba. Mtu wa redio hawezi kuujua moto ule. Baba anamtumia mama maneno." Akalivuta lile koti lililombana. "Anasema akija mtu aliyeiokota karatasi akaisoma yote mbele ya ukoo, huyo atakuwa shahidi. Hapo shangazi atazima moto na kuhama. Ndugu yangu, nakuomba."

Nilijibu mimi, nikasema tutakuja, kwa kuwa mtu amekaa kwangu anakaribia kulia.

Alipoondoka, nilimgeukia mume wangu. "Nani alikwambia habari za moto?" Mimi Mnyamwezi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuisikia kawaida ile, sisi wa mjini tumepotewa na mengi.

"Hakuna," akasema. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Nilikuwa natafuta kina cha *ni*. Nikatazama huku na huku, nikaona meko yako."

Mimi sikuwa mtu wa kuamini mambo haraka, lakini nywele zilinisimama. Nilihisi kwamba kuna mtu wa tatu ndani ya chumba, mchovu, ametua mzigo.

Kisha tukagombana, na safari hii haukuwa utani. Alisema lazima amwambie bibi ukweli, hawezi kumzika baba wa mtu kwa uongo. Nikamwambia akisema hivyo bibi atabaki kwenye nyumba yake, lori litakuja, nyumba itabomolewa mbele ya macho yake na moto utazimwa na matairi. Akasema, "Na nikinyamaza? Kama alifia kwingine? Kama alifika pwani akaoa huko kwetu, akazaa, akazeeka? Mimi ni nani wa kumuua?" Tulipanda treni ya asubuhi ya siku iliyopangwa, nikiwa sijui atafanya lipi, na nadhani yeye pia alikuwa hajui.

Kutoka stesheni ya Usoke tulitembea katikati ya mashamba ya tumbaku mpaka miombo ikatufunika. Nilitegemea kukuta watu wa familia moja. Nilikuta umati. Kila ukoo wa sehemu zile ulikuwa na mmoja ambaye hakurudi, na wote walikuwa wamekuja kusikia. Walikaa chini ya miti, kimya, wanaume upande huu na wanawake upande ule, vikongwe wamebebwa migongoni. Lori lilikuwa limesimama pembeni, dereva wake amevua kofia. Sijawahi kuona watu wengi vile wakingoja kwa utulivu ule, na nilipofikiri kwamba kilichowaleta ni masizi ya taa yangu, nilitamani kugeuza njia nirudi stesheni.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni. Mdogo, mweusi tii, nywele nyeupe zimemjaa kichwani. Tulimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikia, "Marahaba," kisha akatuongezea ya Kinyamwezi, "Mwangaluka," akatushika mikono. Nyuma yake, ndani, niliuona moto. Gogo moja tu na makaa machache. Ulikuwa moto mdogo kabisa. Nilipouangalia nikakumbuka kuwa reli yote hii, stesheni, shule yangu, bendera mbili, ya Mwingereza na ya Tanganyika, nilizoziona zikishushwa, vimekuja na kuukuta ukiwaka. Nilitaka kupiga magoti.

Mume wangu aliusoma utenzi wote. Alipofika kwenye beti zile mbili, mtu mmoja nyuma alizisema pamoja naye, kisha wengine, kisha wote, kwa kuwa redio ilikuwa imeshawafundisha. Alipomaliza, bibi aliinuka. Akaingia ndani, akachukua chungu cha maji, akakiinamisha juu ya moto.

"Bibi, usiuzime!"

Ilikuwa sauti ya mume wangu. Alikuwa amesimama katikati ya watu, karatasi zimemdondoka.

"Usiuzime. Utenzi huu ni wangu. Nimeutunga mimi. Hakuna mkebe, hakuna ghala, sikuokota kitu. Mimi ni mwongo."

Kisha mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu ni kabila gani?"

"Mzaramo," mwenyekiti akajibu.

Kicheko kilichotoka pale kiliwaamsha ndege. Mzaramo! Mtani amekuja msibani! Nani asiyejua kwamba mtani akifika kwenye tanga kazi yake ni kuvuruga, kusema marehemu hajafa, kusema amekimbia ugali mbaya wa mkewe? Wanawake walipiga vigelegele. Mume wangu akapiga kelele, "Sifanyi utani! Wallahi nimetunga mimi!" na kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kujishika mbavu. Mama mmoja alimwendea na unga akammwagia kichwani, mwingine akamvua kofia akakimbia nayo. "Mwongo wa pwani! Sema tena!" Alisema tena. Alilia. Walicheka zaidi, wakisema hawajapata kuona mtani anayeijua kazi yake hivi.

Bibi hakucheka. Aliweka chungu chini, akarudi mlangoni, akamwita mume wangu kwa kidole. Akaenda, akapiga magoti mbele yake, unga ukimtiririka usoni pamoja na machozi. Watu wakaanza kunyamaza, mmoja baada ya mwingine.

"Mtani," bibi akasema, "unayoyasema ni kweli."

"Ni kweli, bibi."

"Baba yangu hukumwona."

"Sikumwona."

"Na hizi karatasi?"

"Nilizikausha jikoni kwa mke wangu."

Akanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaitikia kwa kichwa. Akamrudia tena.

"Ulipokuwa ukimtungia, ulimlilia?"

"Nilimlilia sana, bibi."

"Sisi hapa hatujamlilia," akasema. "Mama alikataza. Alisema ukimlilia mtu aliye njiani unamwangusha." Alikuwa anazungumza polepole, kwa Kiswahili, ili mgeni asikie. "Mnyamwezi akifia ugenini, hana ndugu karibu, anazikwa na nani?"

Mume wangu alijibu akiwa ameinamisha kichwa. "Anazikwa na mtani wake."

"Basi umechelewa sana, Mzaramo," bibi akasema. "Lakini umekuja. Mleteeni wembe."

Walimletea wembe na maji. Mume wangu ndiye aliyemnyoa bibi, yeye ambaye alikuwa hajawahi kumnyoa mtu. Nywele nyeupe zilianguka juu ya kanga niliyoishika mimi kwa mikono miwili, na zilipoanza kuanguka bibi alianza kulia, akimwita baba, kilio ambacho mwenyekiti aliniambia hajapata kukisikia kwake. Alilia kwa sauti kubwa, bila aibu, na watu wote chini ya miti wakalia naye, kila mmoja na wake. Mume wangu hakuacha kunyoa.

Alipomaliza, bibi alijipapasa kichwa. Akakiinua kile chungu, akampa.

"Zima wewe," akamwambia. "Si ndiwe uliyesema uzimwe?"

Akamimina maji. Moshi ulitoka mlangoni, ukatupita. Kisha bibi akajifunga kanga yake kiunoni, akachukua fimbo, akatangulia kwenye lori.